George Fox, Mshona Viatu Aliyekataa Kuapa



Kila siku unatumia maneno. Unasalimu watu, unauza na kununua, unatoa ahadi, unasimama mkutanoni kusema. Maneno hayanunuliwi dukani, kwa hiyo ni rahisi kuyatumia ovyo. Katika sura hii utasoma maisha ya mtu aliyeyapima maneno yake kama mwuzaji mwaminifu apimavyo nafaka. Kwa ajili ya mafundisho yake, na maneno machache aliyokataa kuyatamka, alitiwa gerezani mara nyingi, jumla ya miaka kama sita. Jina lake ni George Fox. Ndiye aliyeanzisha chama cha dini kiitwacho Marafiki, ambacho watu wengi hukijua kwa jina la Wakwekeri.

Utoto wake

George Fox alizaliwa mwezi wa Julai mwaka 1624 katika kijiji cha Drayton, katikati ya Uingereza. Baba yake, Christopher, alikuwa mfuma nguo. Majirani walimpa baba huyo jina la utani lenye maana ya mtu mwadilifu.

George hakupata masomo mengi. Alipokua kidogo alipelekwa kwa fundi mmoja ajifunze kushona viatu. Fundi huyo alifanya pia biashara ya sufu na mifugo, na George alimchungia kondoo. Tangu ujana wake watu walimjua kwa jambo moja. Akisema hakika, basi ni hakika. Hakuna aliyeweza kumgeuza.

Mwaka 1643, alipokuwa na umri wa miaka 19, alikwenda gulioni kwa shughuli za biashara. Huko alikutana na binamu yake na kijana mwingine, wakamwalika wanywe pombe pamoja. Vijana hao wawili walijulikana kuwa ni watu wa dini. Lakini walipokwisha kukata kiu walianza kushindana kunywa, wakaweka sharti kwamba atakayekataa kunywa zaidi atalipia wote. George alisikitika sana. Alitoa sarafu mfukoni, akaiweka mezani, akaondoka. Usiku ule hakupata usingizi. Alijiuliza mtu anawezaje kusema neno moja kanisani na kutenda jingine kilabuni.

Muda mfupi baadaye aliaga nyumbani, akaanza kutembea nchi nzima kutafuta jibu.

Anatafuta mwalimu

Wakati huo Uingereza ilikuwa vitani. Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge walipigana tangu mwaka 1642, na mwaka 1649 mfalme huyo alikatwa kichwa. Watu walichanganyikiwa. Mambo yaliyokuwa imara tangu zama za mababu yalitikisika, na kila mji ulikuwa na wahubiri waliopingana.

George aliwaendea wachungaji mmoja mmoja. Mmoja alimshauri avute tumbaku na kuimba zaburi. George hakupenda tumbaku, na moyo wa kuimba hakuwa nao. Mwingine alizungumza naye vizuri bustanini mwake, mpaka George alipokanyaga ukingo wa tuta la maua kwa bahati mbaya. Hapo mchungaji alighadhibika kana kwamba nyumba yake inaungua. George akaondoka na huzuni ileile aliyokuja nayo.

Mwaka 1647, baada ya kukata tamaa kwa watu wote, alipata jibu moyoni mwake. Aliona kwamba Kristo mwenyewe anaweza kumfundisha mtu moja kwa moja, bila kupitia kwa msomi aliyelipwa. Aliamini kwamba kila mtu, mwanamume na mwanamke, tajiri na maskini, anayo nuru ya Mungu ndani yake. Imani hiyo ndiyo iliyozaa mambo yote utakayosoma hapa chini.

Mkutano wa kimya

George alianza kuhubiri sokoni, mashambani na makanisani. Mwezi wa Juni mwaka 1652, kaskazini mwa Uingereza, alisimama juu ya mwamba katika kilima cha Firbank, akasema kwa muda wa saa tatu mbele ya watu zaidi ya 1,000. Tangu siku zile wafuasi wake waliongezeka haraka.

Wafuasi hao walikusanyika kwa namna mpya. Hawakuwa na mimbari wala mchungaji. Waliketi kimya, kila mtu akisikiliza moyoni. Ikiwa mmoja alisukumwa na Roho kusema, alisimama, akasema neno lake, akaketi. Kisha kimya kikarudi. Aliyesimama aweza kuwa mkulima, mtumishi wa nyumbani au mama mzee. Na ikiwa hakuna aliyesukumwa, mkutano ulimalizika bila neno hata moja.

Huenda utasema kwamba hiyo ni kazi rahisi. Jaribu, msomaji. Ni vigumu kunyamaza katikati ya watu. Ni vigumu zaidi kujiuliza kabla ya kusimama kama jambo unalotaka kusema linawafaa wengine, au unataka tu sauti yako isikike. Katika mikutano ile kimya kilikuwa kama chekeche. Makapi yalibaki, unga ukapita.

George alitetea pia haki ya wanawake kusema. Mwaka 1648, katika mji wa Leicester, mwanamke mmoja aliuliza swali kanisani, na mchungaji akamwambia kuwa mwanamke haruhusiwi kusema humo. George alisimama palepale kumpinga mchungaji. Mmoja wa wafuasi wake wa kwanza kabisa alikuwa mwanamke, Elizabeth Hooton, ambaye alihubiri katika nchi nyingi na kufia Jamaica mwaka 1672.

Wewe na ninyi

Sasa tuje kwenye neno dogo lililoleta ugomvi mkubwa.

Katika Kiswahili tunasema wewe kwa mtu mmoja na ninyi kwa watu wengi. Kiingereza cha zamani kilikuwa na maneno mawili kama hayo. Lakini Waingereza walikuwa na desturi yao. Mkubwa alimwambia maskini wewe. Maskini alipomjibu mkubwa, ilimpasa kumwambia ninyi, kana kwamba mkubwa yule peke yake ni kundi la watu. Ziko lugha za Kiafrika zenye desturi kama hiyo ya kumheshimu mzee kwa kumtaja kwa wingi.

George Fox aliikataa desturi ya Waingereza. Alisema kwamba mtu mmoja ni mmoja, na kumwita wengi ni kusema uongo ili kumfurahisha. Tena aliona kwamba watu wale wale walipomwomba Mungu walimwambia wewe. Je, tajiri anastahili heshima kuliko Mungu? Basi George na wafuasi wake wakamwambia kila mtu mmoja wewe, awe mchuuzi au hakimu.

Pamoja na hayo, walikataa kuvua kofia mbele ya wakubwa. Siku hizo mnyonge alipokutana na bwana alivua kofia na kuinama. Marafiki walivua kofia wakati wa kumwomba Mungu tu.

Usidhani kwamba George alifundisha utovu wa adabu. Heshima aliyoikataa haikutolewa kwa ajili ya umri wala matendo mema. Ilitolewa kwa mali na cheo. Mwenye koti zuri alivuliwa kofia hata kama ni mwizi, na mwenye nguo zilizochakaa hakuvuliwa hata kama ni mcha Mungu.

Hata hivyo neno hilo liliingia ndani ya nyumba na kuumiza watu. Kijana mmoja, Thomas Ellwood, mtoto wa hakimu, alijiunga na Marafiki mwaka 1659. Alipomwambia baba yake wewe, na kubaki na kofia kichwani, baba alimpiga kwa ngumi. Kisha alimnyang'anya kofia zake zote. Wakati wa baridi kali kijana yule alikaa ndani, kwa maana hakuweza kutoka bila kofia. Baba alijiona amedharauliwa na mtoto wake. Mtoto alijiona anamtii Mungu. Wote wawili waliumia.

George mwenyewe alipelekwa mahakamani Launceston mwaka 1656. Jaji alimwamuru avue kofia. George aliuliza ni wapi katika Biblia ambapo hakimu yeyote aliamuru hivyo. Jaji naye aliuliza kama Biblia inataja kofia hata mara moja. George alimkumbusha habari za wale vijana watatu katika kitabu cha Danieli, waliotupwa motoni wakiwa wamevaa kofia zao. Jaji hakuwa na jibu, lakini alikuwa na mamlaka. Alimtoza George faini, na George akakataa kulipa. Alikuwa amekwisha kukaa gerezani majuma mengi kabla ya kesi, na sasa akarudishwa. Mlinzi alimtia katika shimo lenye uchafu wa wafungwa wa miaka mingi, usiosafishwa, mahali pasipofaa hata kulala.

Bei moja

Ukweli huo uliingia hata sokoni. Kama ijulikanavyo, mwuzaji akitaka shilingi kumi hutaja ishirini, na mnunuzi anayetaka kutoa kumi hutaja tano. Marafiki waliona kwamba hapo wote wawili wamesema uongo. Wakaamua kutaja bei moja tu, ile wanayoitaka kweli.

Mwanzoni walipoteza wateja. Watu hawakupenda kuambiwa wewe na fundi au mwenye duka asiyevua kofia. Lakini polepole watu walitambua kwamba hata mtoto akitumwa kwa Rafiki hapunjwi. Wateja walirudi, wakaongezeka, mpaka wafanyabiashara wengine wakalalamika.

Kiapo

Jambo lililowatesa Marafiki kuliko yote ni kiapo. George alifundisha kwamba Yesu alikataza kuapa. Tena mtu akiapa kusema kweli mbele ya hakimu, ni kama anakiri kwamba akiwa nje ya mahakama aweza kusema uongo. Ndiyo iwe ndiyo, na siyo iwe siyo, mahali popote.

Mwaka 1660 ufalme ulirudishwa Uingereza, na Charles wa Pili akatawala. Mwaka 1662 Bunge lilipitisha sheria ya kuwaadhibu Wakwekeri waliokataa kuapa, na waliokutana kwa ibada watu watano au zaidi. Mahakimu walipata mtego mzuri. Mkwekeri akikosekana na hatia, hakimu alimtaka aape kuwa mtii kwa mfalme. Akikataa, gerezani. Maelfu walifungwa, na mamia walifia humo.

Mwaka 1664 George alishtakiwa Lancaster kwa sababu hiyo. Mbele ya mahakama aliichambua hati ya mashtaka, akaonyesha kwamba tarehe zake zilikuwa na makosa. Hati ikaanguka. Unaona, msomaji, faida ya kuchunguza kilichoandikwa? Lakini jaji hakumwachilia. Palepale alimpa Biblia na kumtaka aape tena. George aliishika ile Biblia, akawaambia kwamba kitabu hicho ndicho kinachokataza kuapa. Akawauliza kwa nini kitabu kiko huru na yeye anayekitii afungwe.

Alirudishwa gerezani Lancaster, kisha katika ngome ya Scarborough kando ya bahari. Chumba chake kilivuja mvua, na upepo wa bahari uliingia ndani. Mikono ilimvimba kwa baridi. Alitoka mwaka 1666, afya yake ikiwa imeharibika.

Kabla ya hapo, mwaka 1651, alipokuwa gerezani Derby, walitaka kumtoa wamfanye kapteni wa jeshi. Alikataa, kwa maana hakuamini kuua watu. Walimtia pamoja na wezi kwa muda wa karibu nusu mwaka zaidi. Hakimu wa Derby ndiye aliyewapa Marafiki jina la Wakwekeri, yaani watetemekaji, baada ya George kumwambia atetemeke mbele ya neno la Mungu. Lilikuwa jina la dhihaka. Leo wenyewe hulitumia bila haya.

Margaret Fell

Mwaka 1652 George alifika Swarthmoor, nyumbani kwa jaji Thomas Fell. Mke wa jaji, Margaret, aliyasikia mafundisho yake akayaamini. Jaji hakujiunga, lakini aliwaruhusu Marafiki wakutane nyumbani kwake, na akawalinda mpaka alipokufa mwaka 1658.

Margaret aliandika barua nyingi, alichangisha fedha za wafungwa, na alikwenda mwenyewe kwa mfalme kuwaombea. Naye alifungwa. Mwaka 1666 kilitoka kitabu chake cha kutetea haki ya wanawake kuhubiri, alichokiandika akiwa mfungwa. Mwaka 1669 yeye na George walioana katika mji wa Bristol.

Mwaka 1668 George alihimiza shule mbili zifunguliwe karibu na London, ambamo wasichana pia wangesoma. Kitabu cha maisha yake hakukiandika kwa mkono wake. Alikisema kwa mdomo, na mume wa mmoja wa mabinti wa Margaret akaandika.

Mahali neno lake lilipopungua

Mwaka 1671 George alisafiri hadi kisiwa cha Barbados. Huko aliwaona Waafrika waliotekwa na kufanywa watumwa katika mashamba ya miwa. Hata Wakwekeri wa huko walikuwa na watumwa. George aliwafundisha mabwana kuwatendea kwa upole na kuwaachia huru baada ya miaka kadhaa. Hakuwaambia wawaache wote mara moja. Mtu aliyekataa kumwita tajiri ninyi hakusema waziwazi kwamba utumwa ni dhambi. Inatupasa kulisema hilo pia.

Wengine walilimalizia neno lake. Mwaka 1688 watu wanne wa Germantown, Marekani, waliwaandikia Wakwekeri wenzao kupinga utumwa. Haikuwa kazi ya siku moja. Hatimaye mwaka 1776 mkutano mkuu wa Wakwekeri wa Philadelphia ulikataza mwanachama yeyote kumiliki mtumwa.

Mwisho wake, na mabadiliko yaliyofuata

Mwaka 1689 Bunge la Uingereza lilitoa sheria ya kuwavumilia watu wa madhehebu mengine. George aliiona siku hiyo. Mwezi wa Januari mwaka 1691 alisema katika mkutano mmoja wa London, kisha akajisikia baridi mwilini. Siku mbili baadaye akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 66. Kitabu cha maisha yake kilichapishwa mwaka 1694, na aliyekitengeneza ni Thomas Ellwood, yule kijana aliyenyang'anywa kofia.

Mwaka 1696 Wakwekeri waliruhusiwa kuthibitisha maneno yao bila kuapa. Leo hata katika mahakama za Kenya na Tanzania, mtu ambaye dini yake haimruhusu kuapa aweza kuthibitisha tu kwamba atasema kweli.

Lakini lile neno wewe lilipatwa na jambo la ajabu. Kiingereza kilibadilika. Watu wa kawaida waliacha kabisa neno la mtu mmoja, wakawa wanatumia lile la wengi kwa kila mtu, tajiri na maskini. Wakwekeri wakabaki peke yao na wewe yao. Neno lililokuwa la kuwasawazisha watu likawa alama ya kuwatenga Wakwekeri na majirani. Wengi wao wakaliacha. Je, walimsaliti George Fox? La. Alichotaka ni kila mtu apewe heshima sawa na aambiwe kweli. Lugha ni chombo. Chombo kikibadilika, chakula ni kilekile.

Hata ibada ilibadilika. Marekani, katika karne ya 19, baadhi ya Marafiki walianza kuwa na wachungaji na nyimbo. Wamisionari waliofika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, walitoka katika tawi hilo. Ndiyo maana Marafiki wengi wa Kenya huimba na kusikiliza mahubiri, na hawakai kimya muda mrefu kama wenzao wa Uingereza. Leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Msomaji, huenda wewe si wa dini hiyo. Wengi wetu tunaapa mahakamani, na tunapatana bei sokoni. Lakini swali la mshona viatu yule linatuhusu sote. Neno lako la nyumbani, la sokoni na la mkutanoni, je, ni neno moja?

Maana ya maneno

Chekeche: chombo cha kuchekechea unga.
Hati ya mashtaka: karatasi inayoeleza kosa la mshtakiwa.
Kiapo: ahadi ya kusema kweli kwa kumtaja Mungu.
Kuthibitisha: kueleza kwa uhakika kwamba jambo ni kweli.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini George Fox aliondoka kilabuni mwaka 1643?
2. Kwa nini alikataa kumwita mtu mmoja ninyi? Je, unakubaliana naye?
3. Baba yake Ellwood alijiona amedharauliwa. Kama wewe ungekuwa mzee wa kijiji, ungewapatanishaje?
4. Taja faida moja na hasara moja ya kuuza kwa bei moja.
5. George Fox alipaswa kuwaambia nini wenye watumwa wa Barbados?
6. Katika mikutano ya kijiji chenu, nani husema sana na nani hanyanyui mkono kamwe? Mnaweza kufanya nini ili wote wasikike?